Daftari la Malalamiko la Mama Stuli

Ndugu wafiwa, majirani, walimu, wanafunzi na nyote mliofika, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu, kazi yangu ni kushona nguo, na familia imenikabidhi mimi kusoma maisha ya dada yangu huku ikijua fika kwamba nina mdomo, kwa hiyo lawama za leo tugawane. Jana saa kumi jioni Chuo kilituletea karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri, zenye nembo juu, tukaombwa tusome hizo badala ya zetu, na humo wameandika kwamba dada alizaliwa mwaka 1967, jambo ambalo si kweli, na kwamba alikuwa mjumbe mwaminifu wa kamati iliyoanzisha elimu ya ujasiriamali chuoni, jambo ambalo si kweli mara mbili. Karatasi hizo nimeziacha juu ya kiti changu pale, nikimaliza nitarudi kuzikalia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Aprili 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa seremala wa mabehewa na mkewe, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Baba yetu hakuwa mtu wa maneno, lakini alikuwa na desturi moja, kwamba kila alichomtengenezea mtu, iwe meza, mlango au hata mwiko, mwezi ukipita alikwenda mwenyewe kupiga hodi na kuuliza kina kasoro gani, na alimchukua dada, akiwa na miaka sita, ambebee kopo la misumari. Dada alizoea kusema kwamba elimu yake ya juu aliipata pale milangoni, akimtazama baba akifokewa kwa ajili ya droo iliyokwama, akijibu ahsante, na kupiga magoti kuipitishia randa.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akaingia sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1978 hadi 1983, kisha chuo kikuu kuanzia Septemba 1984, ambako alisomea teknolojia ya mbao, mwanamke pekee katika darasa la watu ishirini na wawili, akahitimu Novemba 1988. Shahada ya uzamivu alitunukiwa tarehe 7 Desemba 2001, siku ambayo mama alivaa gauni nililolishona mimi, akalia mpaka kola ikalowa, na picha ipo sebuleni kwa asiyeamini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha samani, kuanzia Januari 1989 hadi Machi 1992 kiwanda kilipofungwa, na alisimulia mara nyingi jinsi makochi yalivyorundikana ghalani hadi darini, makochi mazuri, mapana, ambayo hayakupita kwenye mlango wa nyumba yoyote ya kupanga, kwa kuwa mafundi wote wenye vyeti hawakuwahi kwenda kupima mlango wa mnunuzi. Tarehe 14 Septemba 1992 aliajiriwa na Chuo kuwa mhadhiri msaidizi, na hakuondoka tena.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Agosti 1995, na shemeji yangu huyu mnayemwona, fundi bomba, aliyekuja kutengeneza sinki la maabara, akarudi baada ya wiki moja bila kuitwa kuuliza kama linavuja, dada akaona huyu ndiye, yaliyobaki ni sherehe tu. Walijaliwa watoto wawili, wa kike aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1997, ambaye leo ni muuguzi, na wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 2000, dereva wa lori, aliyesafiri siku mbili ili awahi kuwa hapa.

Sasa nirudi kwenye kazi, maana huko ndiko kwenye maneno. Februari 2009, bila kuombwa na mtu wala kuongezewa chochote, dada aliingiza biashara ndani ya somo lake la ubunifu wa samani, na utaratibu wake ulikuwa kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa pili atengeneze kitu kimoja, akiuze kwa mtu asiyemjua, si mjomba, si shangazi, si mchumba, na hapati alama hata moja mpaka mteja yule arudi na lalamiko, lalamiko liandikwe kwenye daftari, kasoro irekebishwe mbele ya macho ya mteja, na mteja atie sahihi. Mwanafunzi aliyekuja akijigamba kwamba mteja wake hana lalamiko alirudishwa huko huko mbio, akiambiwa kwamba mteja asiye na lalamiko ni mteja ambaye hujamuuliza. Mwaka ule wa kwanza zilitengenezwa stuli kumi na nane, kumi na moja zikatikisika, na wenzake katika chumba cha walimu wakacheka hadi wakashika mbavu, wakamwita Mama Stuli, wakamuuliza lini anafungua kibanda pale getini. Dada naye alilichukua jina, akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana yake.

Oktoba 2018 ukaja waraka kwamba kila kitivo lazima kiingize elimu ya ujasiriamali katika ufundishaji wake, na wale wale waliocheka wakawa wa kwanza kugombea nafasi. Iliundwa kamati ya watu kumi na mmoja, ikakaa hotelini siku tatu, ikatoka na mtaala, na mtu pekee chuoni aliyekuwa akifanya jambo lenyewe kwa miaka tisa hakuitwa hata kuwapimia urefu wa meza. Alipouliza, Mratibu wa somo hilo alimjibu kwa mzaha kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Angekuwepo vipi, jamani, na hamkumwita? Mratibu, uko safu ya pili karibu na feni, usiangalie chini, nakuona, na nyani haoni... basi, ninyamaze, tuko msibani.

Kilichozaliwa na kamati hiyo ni mhadhara wa kila Alhamisi, wanafunzi mia tisa katika ukumbi mmoja, kipaza sauti kikikoroma, wote wakinakili sifa kumi za mjasiriamali, ya kwanza uthubutu, wakisomewa na mtu ambaye, nasema mbele ya Mungu, hajawahi kuuza hata yai. Machi 2019 karakana ya dada ilifungwa, jina lake likakwanguliwa, ukawekwa mlango wa kioo na bango la Kituo cha Ubunifu, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, kisha kituo kikatiwa kufuli, na ubunifu umekaa humo ndani peke yake mpaka leo. Dada hakuzira, alihamishia meza za kazi kwenye baraza ya nyumba yake, hii hapa mliyoipita mlipoingia, akapata kibali cha maandishi kutoka kwa mkuu wa kitivo, akaendelea, na mimi nikishona chumba cha pili nilisikia msasa kutwa nzima.

Darasa lake la mwisho lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja, na mmoja wao ni huyu mwanamke aliyesimama pale ukutani, tunamwita Randa, mama wa watoto wawili, aliyeanza chuo akiwa na miaka thelathini, baada ya miaka saba ya kupiga msasa katika karakana ya milango. Huyu alikwenda mwenyewe kwa msimamizi wa majengo ya Chuo, akaomba kazi ya kutengeneza viti sitini vya ukumbi wa mitihani, akavitengeneza vyote, akavirudia vitatu vilivyolalamikiwa, na sahihi zipo. Tarehe 10 Juni 2024 Chuo kilikataa alama za darasa zima, kikisema kwamba daftari la malalamiko si waraka wa mtihani, wakafanyishwa karatasi ya ghafla, swali la kwanza taja sifa kumi za mjasiriamali, aliyepungukiwa hata moja apewe sifuri, na Randa akataja saba. Alianguka, yeye na wenzake kumi na wanane, watu kumi na tisa ambao hawatahitimu, na Mratibu aliyeandika sifuri zile aliziandika ukumbini humo humo, akiwa amekaa juu ya kiti alichotengenezewa na Randa.

Dada aliandika barua tarehe 2 Julai, tarehe 16 Julai na tarehe 5 Agosti, akiomba kitu kimoja tu, daftari lipokelewe, na hakujibiwa hata kwa kukohoa. Maumivu ya tumbo yalimwanza mwezi huo huo wa Julai, tarehe 12 Agosti akagundulika kuwa na kansa ya kongosho, akalazwa tarehe 3 Septemba, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Oktoba, na akafariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika chumba chenye dirisha linalotazama barazani, mumewe, wanawe na mimi tukiwepo. Daktari ameniambia kwamba ugonjwa huo hauletwi na hasira, nami namwamini, kwa sababu ungekuwa unaletwa na hasira mngenizika mimi. Nina hasira, na naomba asije mtu baadaye kunishika bega akaniambia nimwachie Mungu, Mungu hakukaa hotelini siku tatu.

Siku nne kabla ya kufa alinipa daftari mkononi, akaniagiza nisimzike nalo, kwa kuwa anawajua watu, watakuja kusema lizikwe naye kwa heshima, na akaniomba nihakikishe wale kumi na tisa wanapata haki yao. Na kweli, Jumapili mchana Mratibu alikuja kutoa pole, akanywa maji, akasema kwa sauti ya upole kwamba ingependeza daftari liwekwe ndani ya jeneza. Nilikwenda jikoni nikakaa huko mpaka alipoondoka, maana mkononi nilikuwa na mkasi.

Jeneza mnaloliona limetengenezwa na Randa, kwa siku tatu, kwenye baraza ile, kwa mbao ambazo dada mwenyewe alikuwa amezianika tangu mwaka jana. Leo saa mbili na nusu asubuhi tulipolitoa chumbani, mshikio wa kushoto wa mbele ulilegea, watu wakashtuka, na Randa akatoa bisibisi kwenye mkoba wake, akapiga magoti na gauni lake la msiba, akakuta skrubu ni fupi, akaweka ndefu, akaning'inia kwenye mshikio ule kwa uzito wake mwenyewe, kisha akasimama akaniuliza, kwa niaba ya mteja, kama kuna lalamiko jingine. Nikafungua daftari ukurasa wa mwisho, nikaandika tarehe, lalamiko, rekebisho, na nikatia sahihi, kwa sababu mteja wa leo hataweza kurudi mwenyewe.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliomwambia dada ukweli wote kila alipouliza, nawashukuru majirani waliotupikia na kulala nasi tangu Jumamosi, na wale wa nyumba ya kona waliovumilia vumbi la msasa miaka mitano bila kulipeleka kwa mjumbe wa mtaa. Nawashukuru wafanyakazi wenzake, nao ni fundi mkuu wa karakana, aliyeziokoa meza za kazi usiku wa kuamkia siku ya utepe, katibu muhtasi wa kitivo, aliyetoa nakala ya kila ukurasa wa daftari kabla halijapata ajali, na mlinzi wa geti, mteja wa stuli ya kwanza, aliyeikalia miaka kumi na tano na kuilalamikia mara nne. Wengine mliokuja na shada la maua, maua tumeyaona.

Limebaki moja. Wabebaji wa jeneza ni sita, familia imekwisha kuwapanga, shemeji, mwanawe, fundi mkuu, mlinzi wa geti, Randa, na wewe Mratibu, ukoo umekupa heshima ya mshikio wa kushoto wa mbele, ule ule uliolegea asubuhi. Inuka, uushike kwa mkono wako, utembee nao hatua mia mbili hadi kaburini, na ukifika bila mshikio kukuachia, mimi nitakuwa nimesimama pale na daftari na kalamu, kuna majina kumi na tisa na nafasi ya sahihi yako, na watu wote hawa watakuwa wanatazama. Dada, pumzika kwa amani, wanakuja kukubeba.