Nzi wa Ruwaida

Baridi ya Iyunga ya mwezi wa saba haina adabu, inakuingia mpaka kwenye meno. Ndiyo maana benchi la Mzee Muharami, muuza kahawa wa ukingoni mwa barabara kuu, halikosi watu asubuhi. Siku hiyo kahawa alimimina, lakini macho yake yote yalikuwa kwenye simu. Binti yake Ruwaida, mwaka wa nne sasa yuko masomoni Ujerumani, alikuwa ametuma ujumbe wa sauti.

— Tuwekee na sisi basi, alisema Vitus, utingo wa zamani, jina la kijiweni Breki.

Muharami akabonyeza.

"Shikamoo baba. Siku hizi nashughulika na vile vinzi vya ndizi mbivu. Jeni moja tu ikiharibika, nzi anaota miguu kichwani, pale pa vipapasio vya kunusia..."

— Jini! Breki aliruka nusura amwage kahawa. Mtoto anafuga majini!

— Jeni, we Breki! Sosthenes, aliyeitwa Profesa kwa kuwa aliwahi kufagia maabara, alimkatiza. Ni urithi, kama hayo masikio yako.

— Jini, jeni, ukoo mmoja. Miguu kichwani! Huyo nzi katumwa.

— Katumwa na nani? Profesa aliuliza. Anatembea na kufikiri kwa pamoja. Wazungu wakimaliza kwa nzi wanahamia kwa watu, utaona.

— Kuna shemeji yangu Madibira, Breki alidakia, naona yeye walishamfikia, anafikiri kwa miguu!

Wakacheka. Muharami hakucheka.

— Profesa, asiyenusa anaijuaje ndizi ilipo?

— Haijui, mzee. Anazunguka tu.

Muharami akalitazama birika. Zamani Ruwaida akitoka shule alikuwa akiinusa tangawizi ya birika hili tangu kona ya msikiti, anakuja mbio, begi linampigapiga mgongoni. Sasa huko ananusa nini? Idi iliyopita alisema anakuja. Na ile ya kabla yake.

Mama mmoja mgeni, Bertha, muuza maparachichi kutoka Mbalizi, alipokea kikombe.

— Ndaga, asante mzee. Kwani huyo mtoto anarudi lini?

Breki akachungulia kikombe chake. Profesa akakohoa. Muharami aliinamisha birika, yakatoka matone mawili, basi. Akalitua chini, akabonyeza simu tena.

"Shikamoo baba..."

Akaizima hapohapo.

— Marahaba, mwanangu, aliiambia simu.