Sahani Iliyomngoja Mgeni

Asubuhi hiyo kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la Newala kilipata kesi. Halfani fundi baiskeli, ambaye hapo wanamwita Spoku, alikuja na sahani ya udongo vipande viwili, kaifungia gazetini kama samaki. Ni ya mkewe, Ziada. Tangu harusi seti nzima imekaa kabatini ikimngoja mgeni, wenyewe wanakula kwenye bati. Jana Ziada kaenda shamba Mkunya, Halfani shetani kampitia: kapakua ming'oko ya moto, vile viazi vya porini, sahani ikalia pa! Mke anarudi mchana, na masikini alikuwa anaogopa hasa.

— Jamani, nimwambie nini?

— Kwanza tujue sababu, alisema Optatus, yaani Profesa, aliyeishia darasa la nne. Unaliona hili ua katikati? Kipimo hicho. Ukila ukaliona, umeshiba. We umelifunika kwa chakula, sahani imekosa pumzi.

— Uongo! Silvano Redio alidakia. Zamani huko Uchina mfalme akiungua vidole kwa sahani, mfinyanzi ananyongwa. Wakafinyanga huku wanatetemeka. Woga ukaingia kwenye udongo, ndo maana hadi leo zinavunjika.

— Kweli, Profesa alikubali, chombo cha kuzama hakina usukani.

— Na huu ukingo wa dhahabu? Halfani aliuliza.

— Waya huo! Redio alijibu. Sahani inasikia. Kiwandani wanajua kwako hajafika mgeni.

Halfani akaufunika ukingo kwa kiganja, kisha akanong'ona:

— Sasa Ziada?

— Mwambie imekufa kwa uzee, Profesa alishauri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo hapo akatokea mama mmoja na furushi kichwani, katoka stendi. Halfani alisimama, kahawa ikammwagikia. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Faidha wa Chilangala.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Hii si katika zile nilizompa Ziada?

— Ndiyo, mama. Nimeivunja mimi, nikila. Nisamehe.

Profesa alifumba macho akingoja radi.

— Ah, sahani huvunjika, baba. Mimi nimezeeka na bati, nikasema mwanangu asile kama mimi. Yeye mwenyewe ameshakula humo?

Halfani alimtazama Profesa, Profesa akamtazama Redio. Redio akainamia kikombe chake.

— Mkwe wangu, nakuuliza.

— Bado, mama. Naye anakula kwenye bati.