Filamu ya Mwaringa na Tulichokiona Sisi Wakweaji

Mheshimiwa mgeni rasmi, masheikh na wachungaji wetu, wazee wa Kibarani, Mama Nyevu, mzazi wa Mwaringa, pamoja na jamaa zako wote, Bwana Musembi na wenzako mliotengeneza filamu, wakweaji wenzangu mliosafiri kutoka bara, na nyinyi vijana mliojaa hadi mlangoni: Assalaam alaykum, na wakubwa wangu nyote, shikamooni.

Kwa wasionijua, naitwa Jaafar Abdulhadi, mzaliwa wa Malindi. Nimeombwa kusema machache kwa niaba ya wakweaji wa milima kabla mgeni rasmi hajakata utepe wa ukumbi huu, uliopewa jina la marehemu Mwaringa Sanga. Kadi niliyoletewa yasema nieleze jinsi sisi wakweaji tulivyoipokea filamu ya maisha yake. Basi nimeulizwa, na nitajibu.

Filamu mmeitazama sasa hivi. Picha zake ni nzuri, sikatai. Mmemwona mtoto wa mgema wa Kibarani akipanda minazi, kisha mmemwona mtu mzima kwenye miamba na barafu. Mmeambiwa hakujua hofu. Mmeambiwa hakuhitaji kamba wala mwenzi. Na mmeambiwa kwamba alianguka akiujaribu kwa mara ya kwanza ukuta wa mashariki wa Mlima Kenya, ambao hakuna mtu aliyewahi kuukwea peke yake, na kwamba alikufa kabla ya kufika. Nimesikia watu wakilia humu ndani.

Sisi hatukulia. Tulipoonyeshwa filamu hii Nairobi mwezi wa nne, tulikuwa wakweaji thelathini na kitu, na mwisho wake hakuna aliyepiga makofi. Gitau, huyu aliyeketi safu ya pili, ambaye ameongoza watu mlimani miaka ishirini, aliinuka katikati ya onyesho akasema kwa sauti, "Rudisha hapo nyuma." Hakuna aliyerudisha. Akasema tena, "Rudisha! Hiyo chaki imetoka wapi?"

Ndugu zangu, mkweaji hupaka mikono unga wa chaki ili jasho lisimtelezeshe. Kila anaposhika jiwe, huacha alama nyeupe. Katika filamu, Mwaringa ananyoosha mkono kushika mwamba, na alama nyeupe tayari ipo pale anaposhika. Juu yake ipo nyingine, na nyingine, zimepita mahali alipoangukia, zimepanda mpaka ukingoni kabisa. Nyinyi mliona mwamba mzuri wakati wa jua. Sisi tuliona njia ya mtu aliyekwisha kupita. Ikiwa hiyo ndiyo mara ya kwanza, ni nani aliyeziacha alama zile?

Bwana Musembi, wewe ndiwe mwongozaji wa filamu hii, na jibu unalo. Hata mimi ninalo, kwani nilikuwepo.

Nilikwea na Mwaringa miaka tisa, tumefungwa kamba moja. Hamkuniona katika filamu, wala Gitau hamkumwona, wala wapagazi sita waliotubebea chakula. Msidhani nasema kwa wivu. Filamu ilitaka mtu mmoja aliye peke yake, ikampata kwa kutufuta sisi wengine. Na huyo asiyejua hofu ni nani? Mwaringa niliyemjua mimi alikuwa akitapika kila asubuhi ya kukwea. Alikuwa akiutazama ukuta kwa darubini siku nne mfululizo, akiandika kila tundu la kidole katika daftari la shule. Ukuta ule wa mashariki tuliukwea pamoja, kwa kamba, mara kumi na moja, kabla hajaniambia, "Jaafar, sasa nataka kwenda mwenyewe." Huo ndio ufundi wake. Kwa nini ufichwe, kana kwamba ni aibu?

Alikwea siku ya Jumanne, mwezi wa pili, mwaka juzi. Mimi na Gitau tulizunguka kwa njia ya nyuma tukamngoja juu. Wingu likaja likatanda bonde zima, na kamera zilizokuwa ng'ambo hazikupata chochote. Lakini sisi wawili tulikuwa na macho. Saa tano kasorobo asubuhi, Mwaringa alitokeza ukingoni kwa mikono yake miwili, bila kamba, akiwa mzima.

Ndiyo. Mmesikia sawasawa. Alifika.

Tuliposhuka kambini, Bwana Musembi alimkumbatia. Kisha akasema, "Hongera, Mwaringa, lakini sina picha. Pasipo picha, ni nani atakayekuamini?" Mwaringa akajibu, "Hawa wawili wameniona." Bwana Musembi akasema, "Hawa ni rafiki zako." Maneno yale yakamwingia. Kesho yake hali ya hewa ikawa safi, kamera zikawa tayari tangu alfajiri.

Tukiwa tunafunga viatu, aliniita pembeni. "Vidole vimefura," akaniambia. "Nikivikunja vyakataa. Waonaje?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuwa mwenziwe. Ningaliweza kumwambia tushuke, tuje mwezi ujao. Ningaliweza kuzishika zile kamera nikazitupa bondeni. Mimi nikamwambia, "Jana umeupita. Leo utaupita tena." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Hayamo katika filamu. Nilipoona hayamo nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Yaliyofuata mmeyaona. Tuliobaki kumteremsha ni mimi na Gitau, kwa kamba, saa saba nzima, na hapo hapakuwa na kamera.

Mtaniuliza kwa nini nilinyamaza miaka miwili. Ipo karatasi tuliyotia saini, ya kutosema lolote mpaka filamu itoke. Lakini sitaki kujificha nyuma ya karatasi. Nilinyamaza kwa sababu ningesema kwamba alifika, watu wangeniuliza kwa nini basi alirudi, na ningelazimika kueleza nilichomwambia. Ndivyo tulivyomwibia Mwaringa, Bwana Musembi, wewe na mimi. Siku ile ya Nairobi nilikufuata nje nikakuuliza mbona hukuitaja Jumanne. Ukanijibu, "Nikiitaja, wataniuliza kwa nini alirudia." Naam, watakuuliza! Yule aliyelipa kwa uhai wake haulizwi chochote, na sisi tulio hai twaogopa swali?

Na tusidhani uongo huu umemdhuru marehemu pekee. Mwezi uliopita, msichana mmoja wa Bofa, aitwaye Kabibi, alipanda mnara wa simu bila kamba, rafiki zake wakimpiga picha kutoka chini. Nilimtembelea hospitali. Nyonga na mguu vimevunjika, na daktari hajasema kama atatembea. Nilipomuuliza alikuwa akitaka nini kule juu, alisema, "Niliona tangazo la filamu. Nilitaka nisiogope, kama Mwaringa." Nilimwambia kwamba Mwaringa alikuwa akiogopa kuliko sisi sote. Akanitazama kama nimemtukana mtu wake.

Kwa hiyo, mheshimiwa, jibu la wakweaji ni hili. Tumekutana na tumekubaliana sote. Bwana Musembi, maneno yale ya mwisho wa filamu yabadilishwe, Jumanne iandikwe, na sababu ya kurudia iandikwe. Mpaka hapo, hakuna hata mmoja wetu atakayesimama mbele ya kamera yako wala kukubebea mzigo mlimani. Na jina langu liandikwe pia, pamoja na nilichomwambia. Na nyinyi vijana, ukuta huu wa kukwea uliojengwa nyuma yangu una kamba. Atakayeugusa bila kamba, mimi mwenyewe nitamtoa nje.

Sasa niruhusuni niseme na mtu mmoja tu.

Mama Nyevu, leo asubuhi ulinikaribisha chai nyumbani, ukaniuliza, "Mwanangu, siku zake za mwisho, alifurahi hata kidogo?" Nikajifanya chai ni ya moto. Nisamehe.

Alifurahi, mama. Jumanne ile aliketi kati yangu na Gitau, akala tende, akatucheka kwa kuwa pua zetu zilikuwa zimebabuka kwa jua. Wingu lilikuwa chini yetu, jeupe, halina mwisho. Alikaa robo saa hataki kuinuka. Kisha akatoa simu, akaona haina mtandao, akairudisha mfukoni. Akasema, "Nikishuka nitampigia mama, nimwambie nimefika, na kwamba sikuumia."

Hakuwahi kukupigia. Salamu zako ndizo hizo, mama. Nimezikalia miaka miwili.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.