Eliufoo Kiangi, Fundi Aliyeuliza Taa Kabla ya Msingi

Marehemu Eliufoo Kiangi alizaliwa Gonja mwaka 1912, mtoto wa tatu wa mzee Kiangi. Siku yenyewe hakuna aliyeiandika. Kilichoandikwa ni ubatizo, Pasaka ya mwaka 1913, na wakati huo alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe.

Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Kuimba hakujua kabisa. Wenzake wakienda kwaya, yeye alitumwa kubeba mawe ya ujenzi, na huko kwenye mawe ndiko alikojifunza uashi. Kwaya hakuisikitikia.

Mwaka 1936 alifunga ndoa na Rahabu. Baba mkwe alimwuliza, "Wewe unajenga nyumba za watu, binti yangu utamlaza wapi?" Akajibu, "Kwa sasa ya udongo, baba. Ya matofali nitamjengea." Rahabu alilisikia hilo neno, na hakulisahau.

Mwaka 1938 alishukia tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, akajenga nyumba za wakubwa. Mwaka 1947 alimaliza moja, lipu imelainika, ukipitisha kiganja hakikwami. Wakaja mafundi umeme na patasi, wakaanza kuuchimbua ukuta. Wenye nyumba walikuwa hawajaifikiria taa mpaka nyumba imekwisha. Eliufoo akawauliza mafundi hao, "Nyie, taa mmezikumbuka leo?" Wakamjibu, "Mzee wa tope, sogea, vumbi litakuingia." Alirudi Gonja mwaka 1953, na lipu ile alikuwa bado anaisema.

Tangu hapo hakuchimba msingi wa mtu kabla ya kuuliza taa. Alipigilia vigingi, akavuta kamba kuonyesha vyumba, halafu mama mwenye nyumba akaketi ndani ya kamba hizo jua likizama, na chemli mkononi. Baada ya Uhuru watu walijenga kwa haraka, wengi wakamwona msumbufu. Mama Hedwiga, jirani, alimlalamikia wazi.

"Baba Tumainieli, watu wanapita wanasema nimerukwa na akili, nimekaa kiwanjani na taa."

"Waache wapite. Uji utaukorogea wapi?"

"Hapa."

"Mbona kivuli chako kimeingia kwenye sufuria?"

Mama Hedwiga akageuka, akahamisha chemli.

"Haya. Dirisha linakuja huku, na taa itakaa juu yako, siyo mgongoni. Kesho nachimba."

Siku za vijiji vya ujamaa aliitwa kwenda kujenga kijiji cha Bendera. Mwenyekiti alitaka milango yote itazame barabara. Marehemu alimwachia milango, akaomba madirisha, akapewa.

Nyumba ya Rahabu ilianza mwaka 1975. Mwaka 1977 bati lilikuwa juu. Ila kwenye kuta marehemu aliacha mifereji wazi, kutoka darini mpaka penye mkono wa mtu, ya kupitishia mabomba ya waya. Mabomba yenyewe hayakupatikana. Maduka ya Same hayakuwa na sabuni, sembuse mabomba. Nyumba ikakaa bila lipu, na nyigu wakajenga kwenye mifereji.

Rahabu alimwambia, "Umri wangu huu nilale kwenye ukuta uchi? Umeme wenyewe uko wapi?"

"Unakuja."

"Unakuja na nani?"

"Mama Tumainieli, nimeshaona ukuta unavyochimbuliwa. Wako hauchimbuliwi."

Rahabu alitundika kanga penye mfereji wa chumbani, akalala.

Oktoba mwaka 1978 kifua kilimshika marehemu. Alilazwa hospitali ya Gonja, akahudumiwa vizuri, akaomba arudi nyumbani. Alifariki Jumatatu tarehe 11 Juni 1979 asubuhi, kitandani kwake, upande wa dirisha. Chai ilikuwa imeshamiminwa. Rahabu alikifunika kikombe, akaenda kuwaita watu.

Jana mdogo wa marehemu, Filipo, alikuja na karai la udongo na mwiko. Alisema wageni wanatoka mbali, ni aibu waone nyumba ya fundi ina nyufa.

"Shemeji, nizizibe tu. Lipu tutapiga baada ya arobaini."

"Siyo nyufa."

"Najua, shemeji. Lakini watu hawajui."

"Basi waambiwe."

Filipo alingoja. Rahabu alileta kiti, akakiweka mlangoni, akakikalia. Filipo akajitwika karai lake, likarudi lilikotoka.

Marehemu ameacha mjane, Rahabu, watoto watatu, Tumainieli, Eliaichi na Esta, wajukuu, mdogo wake Filipo, na nyumba za watu wengi kuanzia Gonja hadi Bendera.

Wageni watakaolala ndani leo wanaombwa wasitie kitu kwenye mifereji ya ukutani, wala karatasi, wala matambara. Mabomba yakipatikana yatawekwa, ndipo lipu ipigwe. Yasipopatikana, nyumba itakaa hivyo hivyo, na mwenye nyumba amekubali.

Bwana amlaze Eliufoo pema.