Mama Avelina na Ndoo ya Maji ya Bertila

Marehemu Avelina Vitus Mwananjela alizaliwa tarehe 8 Septemba 1979 huko Mpui, mtoto wa tatu wa mzee Vitus na mama Agnesi. Alibatizwa Krismasi ya mwaka huohuo. Alimaliza darasa la saba mwaka 1994, akabaki nyumbani kulima mahindi na ulezi, maana ndiyo kazi iliyokuwepo.

Tarehe 20 Juni 1998 alifunga ndoa na Leonidas Sikazwe, wakahamia Chanji. Mungu akawajalia Faith, Loth na Yonas.

Kazi yake wengi mliopo hapa mnaijua, kwa sababu mmeinywa. Alipika pombe ya ulezi, na hakumpa mtu iliyolala ikaharibika. Mlevi akimwambia, "Ongeza, mama," yeye hujibu, "Nenda kwanza ukamsalimie mkeo. Ukirudi umesimama wima, nakuongezea." Kuna walioacha kurudi, na wake zao walimshukuru.

Tarehe 12 Mei 2025 figa liliteleza, pipa likapinduka, pombe iliyokuwa ikichemka ikammwagikia kifuani na mkono wa kulia. Wanaume waliokuwa wakisubiri kunywa walisimama wanatazama. Aliyekimbia na ndoo ni jirani yake, Bertila. Alimmwagia maji ya baridi, akateka mengine, akammwagia tena, mpaka gari likapatikana. Hospitali walisema maji yale yalimsaidia sana.

Kidonda kilianza kupona vizuri. Faith, pamoja na mtoto wake mchanga, alikuwa akilala hospitalini chini ya kitanda cha mama yake, akaona ngozi mpya inakuja, ya rangi ya waridi. Halafu ikaingia Juni na baridi yake. Asubuhi moja Faith aliona pembeni mwa kidonda malengelenge madogo yamekaa pamoja kama punje za ulezi, kila moja lina maji. Kesho yake yalikuwa yamefika shingoni.

Daktari alimwuliza mgonjwa kama huwa anatoka vidonda mdomoni baada ya homa.

"Kila baridi ikija, daktari," akasema.

"Basi ni virusi vilevile, mama. Vinalala mwilini miaka mingi. Ngozi ikiungua na mwili ukichoka, vinaamka na kuingia kwenye kidonda. Dawa ipo, tunaanza leo."

Dawa ilianza. Na hapa lazima lisemwe lililotokea, hata kama wenyewe wamekaa viti vya mbele.

Shemeji yake, Cleophas, alifika na ndugu zake, wakayatazama yale malengelenge. "Haya ni maji ya Bertila," akasema. "Alimmwagia kwa nje, sasa yanatokea kwa ndani."

Mgonjwa akamjibu, "Shemeji, wewe siku ile ulikuwepo. Ulinimwagia nini?"

 Cleophas akamtoa hospitali wakati Leonidas yuko shambani, dawa haijaisha, akampeleka kwa mganga huko Mtowisa. Faith aling'ang'ania mlango wa gari, akaambiwa anyonyeshe mtoto wake, mambo ya wakubwa hayamhusu. Kule walimchanja chale juu ya kidonda kilekile. Aliporudishwa hospitali alikuwa na homa kali na mwili wote umechafuka. Alifariki tarehe 29 Juni 2025, akiwa amemshika mkono Faith. Neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa, "Bertila msimguse."

Mama huyu hakurogwa. Alikuwa na ugonjwa wenye jina na dawa, akanyang'anywa dawa.

Jana Bertila alileta maji ya msiba kama jirani yeyote. Akina mama wakayamwaga uani, wakamwambia akae mbali na sufuria. Akaenda kuteka mengine. Faith akaipokea ndoo, akaingia nayo ndani, na kwa maji hayo akamwosha mama yake, kifua, shingo na ule mkono. Kisha akanawa uso kwa yaliyobaki, akamnawisha na mtoto. Wote wawili wako hapa. Njooni mzitazame ngozi zao.

Marehemu ameacha mume, Leonidas, watoto, Faith, Loth na Yonas, mjukuu, Angela, na Bertila, ambaye leo atatupa udongo pamoja na watoto wa marehemu, sio nyuma ya watu.

Bwana ampe mama Avelina pumziko, mahali pasipo na moto wala maneno ya watu.