Miguu Yenye Ilikuwa Inasikiliza Shimo

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na wenye wameketi, asifiwe na wenye wamesimama, na asifiwe zaidi na huyu mwenye amekuja mbele yenu bila viatu! Musicheke. Ninamuona Mama Veronika ameshaanza kucheka pale kwenye benchi ya wamama, kwa sababu anajua viatu vyangu vilienda wapi. Ngojeni, nitafika.

Ndugu zangu, wengine wanasimama hapa kushuhudia kwamba Mungu aliponya macho yao, wengine tumbo. Mimi aliniponya miguu. Na haikuwa na kidonda hata kimoja! Ilikuwa mizima, ilikuwa inatembea vizuri, lakini haikuwa yangu tena. Ilikuwa ya shimo la Salamabila.

Munanijua. Mimi ni Baba Riziki, mume wa Feza, nyumba yetu iko hapa hapa Kasongo, nyuma ya soko. Kwetu ni kijiji cha Wamaza, kwa wakulima wa muchele. Nilienda Salamabila kutafuta zahabu kama wote. Nikachimba, nikabeba muchanga, nikaosha. Siku moja nilikuwa nje ya shimo, nimevua viatu nipumzike, nikasikia kitu kwenye nyayo. Siyo kwenye masikio, kwenye nyayo! Udongo ulikuwa unatetemeka kidogo, kidogo sana, kama mutu anayekoroma chumba cha pili. Nikapiga kelele, watu wakatoka mbio, na ukuta ukaanguka nyuma yao. Hakufa hata mumoja. Pedeje wetu, ndiye mukubwa mwenye shimo, alifurahi mpaka akaninunulia buti nzuri za ngozi na filimbi ya chuma. Akasema, "Kuanzia leo hauchimbi tena. Utasimama juu hapa, utatusikilizia."

Kazi ilikuwa hiyo. Asubuhi ninavua buti, ninazishika mukononi kwa kamba zake, ninasimama miguu mitupu kwenye mudomo wa shimo. Kwa sababu nyayo zinasikia udongo kabla ya masikio, wachimbaji wote wanajua hivyo. Nikipiga filimbi mara moja, ndefu, maana yake chakula kimefika, pandeni. Nikipiga tatu, fupi fupi, maana yake tokeni, acheni kila kitu, tokeni! Wakaniita Baba Filimbi. Lo, nilivimba kichwa! Mutu anasimama tu, hashiki hata sururu, na wote wanamusalimia kwa heshima.

Lakini ndugu zangu, ile kazi iko na meno. Nikipiga tatu na hakuna kitu kinachoanguka, wachimbaji wanatoka na matusi, wanasema nimewakatia kazi, na pedeje ananifokea mbele ya watu. Nisipopiga, wanakufa. Ninasimama pale katikati ya matusi na kifo, toka asubuhi mpaka jioni, jua kichwani, na watu thelathini chini ya nyayo zangu. Na mumoja wao alikuwa shemeji yangu Amisi, ndugu ya Feza, mwenye mimi mwenyewe nilimuleta Salamabila.

Siku moja nilipiga tatu bure. Wakatoka, wakangoja, shimo likanyamaza kimya. Wakanicheka siku nzima. Pedeje akaniambia nikirudia tena nitaenda kulima mihogo. Basi, juma lililofuata nikasikia tena ule mukoromo kwenye nyayo. Nikasita. Bwana anisamehe, nilisita! Nikasema moyoni, labda ni mimi tu, labda ni gari linapita mbali. Nilipopiga, wengi walitoka, Amisi hakutoka. Udongo ulimufunika mpaka kifuani. Tulimuchimbua kwa mikono, kwa kucha, tunalia na tunaomba, na Mungu akamurudisha muzima, muguu mumoja umevunjika. Aksanti Yesu! Amisi alipona. Mimi ndiye niliyebaki kule chini.

Toka siku ile nyayo zangu hazikulala tena. Nikiwa Salamabila, nikiwa Kasongo, zilikuwa zinasikiliza. Nilivaa soksi mbili, nikavaa buti, bado zinasikiliza. Mbuzi akiruka, ninashtuka. Mulango ukifungwa, jasho linanitoka. Nilishindwa kukaa chini ya paa lolote. Nyumba yangu mwenyewe, yenye nilijenga kwa mikono yangu, nilikuwa ninakula nje, ninalala kwenye baraza. Feza analeta sahani nje kama anamulisha mugeni mwenye anaona haya.

Sasa musikilize kituko. Nilikuja likizo, nimejilaza kwenye mukeka pale barazani. Feza iko jikoni nyuma ya nyumba anatwanga sombe, munajua wenyewe majani ya muhogo yanavyotaka nguvu. Tu! Tu! Tu! Udongo unatetemeka. Kabla sijafikiri, filimbi ilikuwa mudomoni. Tatu, fupi fupi! Nikaingia jikoni mbio, nikamubeba Riziki kwapani, nikamuvuta Feza kwa mukono, nikapiga kinu teke, sombe yote chini, nikawatupa uani. "Linaanguka! Linaanguka!" Majirani wakajaa. Mwenye duka wa jirani, Muzee Ramazani, akaja na kanzu yake akishika kofia isianguke, akatazama nyumba imesimama vizuri, akatazama kinu kimelala, akaniuliza kwa upole, "Baba Riziki, leo ni sombe ndiyo imefukiwa?"

Watu walicheka, mimi pia nilicheka. Feza hakucheka. Aliokota majani moja moja, akayaosha, kisha akasema bila kuniangalia, "Mimi niliolewa na mutu. Sikuolewa na filimbi. Ukirudi Salamabila kusimama juu ya lile shimo, mimi na Riziki utatukuta kwa baba yangu."

Ndugu zangu, mutaniuliza, kwa nini usiache kazi? Mimi pia nilijiuliza. Siyo kwamba niliipenda. Niliogopa! Nilisema, siku nitakayoondoka, shimo litaanguka, na damu yao itakuwa juu ya kichwa changu. Nilimuahidi Feza nitaacha. Nikaahidi tena. Mutu mwenye woga iko fundi wa kuahidi.

Halafu, likizo ile ile, ikafika Jumapili ya mavuno, hapa hapa kwenye kanisa hili. Kesho yake nilikuwa nirudi Salamabila, mwenye pikipiki nimeshapatana naye. Nilikuja na Feza, yeye akaingia, mimi nikasimama pale mulangoni kama kawaida yangu, nusu ndani, nusu nje. Na hapa kwetu, wageni wajue, sadaka ya mavuno haibebwi tu. Inachezwa! Muchele, mawese, ndizi, kuku, kila kitu kinafika mbele kwa kucheza, na chenye kimechezwa mpaka mbele hakirudi kwa mwenyewe. Wamama wakasimama, mustari mumoja, vikapu kichwani, Mama Veronika mbele na filimbi yake. Ngoma zikaanza. Yesu wangu! Wamama wote wale, na munawajua wamama wetu walivyoshiba, wanapiga chini kwa pamoja!

Nyayo zangu zikasikia. Mikono yenyewe ikavua buti, ikazishika kwa kamba, nikasimama miguu mitupu. Udongo unatetemeka. Ukuta, nikaona ukuta unakuja. Na safari hii nikasema, sisiti! Nikatoa filimbi yangu shingoni, nikapiga kwa pumzi yote niliyokuwa nayo. Tatu, fupi fupi. Tokeni, acheni kila kitu!

Kumbe sikujua. Kwa wamama, filimbi tatu fupi iko na maana yake. Maana yake: geukeni, kuna mutu mwenye hajaleta sadaka, twende tukamuchukue!

Mustari wote ukageuka. Hawakuuliza nani amepiga, hata Mama Veronika mwenyewe alifikiri ni Roho. Wakanijia wakicheza, vikapu kichwani, vigelegele, na mimi pale ninapunga mikono, "Tokeni! Tokeni nje!" na wao wanajibu, "Tunakuja, Baba, tunakuja!" Nilitaka kukimbia, lakini utapita wapi katikati ya wamama wa korali? Wakanizunguka. Mama Veronika, jasho linamutoka, akasimama mbele yangu na kikapu kitupu, miguu haitulii. "Baba Riziki, umetuita mwenyewe. Haya, leta chako!"

Nilijiangalia. Sikuwa na muchele, sikuwa na kuku. Mukononi nilikuwa na buti tu. Buti za pedeje, buti za heshima yangu yote. Sijui nani alinisukuma mukono. Ninajua, lakini ninyi semeni! Nikaziweka ndani ya kikapu.

Wakapiga kigelegele, wakanisukuma mbele, na ndani ya ule mustari hauwezi kutembea, unacheza ama unakanyagwa. Muguu wangu wa kuume ukapiga chini. Wa kushoto ukajibu. Ndugu zangu, miaka yote ile miguu yangu ilikuwa inangoja udongo useme, inangoja kwa hofu. Siku ile ndiyo ilisema yenyewe! Tu! Niko hapa! Tu! Niko hai! Amisi iko hai! Nilicheza vibaya, ninakubali, hata leo Feza ananiiga mbele ya wageni. Nilicheza machozi yanatoka na ninacheka, mpaka mbele kabisa, mpaka nikainua macho kumushukuru Mungu na nikaona nini? Mabati! Niko chini ya paa! Katikati ya kanisa, kuta pande zote, na sijaogopa. Nikamutafuta Feza. Alikuwa amesimama juu ya benchi, mama muzima, anapiga makofi kama mutoto.

Baada ya ibada nikamwendea pasta polepole. Nikamwambia, machozi bado yananitoka, buti ziliingia kwa bahati mbaya, kesho ninazihitaji kazini. Pasta akaziangalia mezani, kati ya kuku na ndizi. Akasema, "Zilichezwa. Haziwezi kurudi." Kisha akaniuliza, "Na unalia kwa ajili ya buti ama kwa ajili ya kazi?" Nilikuwa ninalia kwa sababu nilijua kazi imekwisha.

Kesho yake nilipanda pikipiki kwenda Salamabila bila viatu, na Feza alijua nimeenda kuaga. Nilienda kwa sababu watu thelathini hauwaachi kama unaacha mutungi njiani. Nikamwambia pedeje, mimi nimemaliza. Sikilizeni udongo kwa watu wawili, wapokezane, mutu mumoja asibebe siku nzima. Na mwenye kupiga filimbi bure asitukanwe, kwa sababu woga wa matusi ndio ulimufukia Amisi. Pedeje akafoka. Halafu Amisi, mwenye alikuwa amebaki kule Salamabila, akatoka nyuma na fimbo yake na muguu wake wenye haukunyooka, akanyoosha mukono kwa filimbi.

"Mimi udongo niliusikia mpaka kifuani," akasema. "Mutu wa kunicheka nikipiga, atokee sasa." Hakutokea hata mumoja. Wa pili wa kusikiliza akajitolea mwenyewe, na pedeje mwisho akakubali, kwa sababu wachimbaji walikataa kushuka bila hayo. Nikamwomba Amisi anisamehe. Akanigonga begani. "Shemeji, nilishakusamehe zamani, ni wewe ulikuwa hausikii. Enda ukacheze."

Basi, ndugu zangu, ninacheza! Nimerudi kwenye muchele wangu, mashamba hayana filimbi. Ninalala ndani, chini ya paa langu, upande wa muke wangu. Woga unajaribu kurudi siku nyingine, siwadanganyi. Siku hizo Feza anaenda tu jikoni, anachukua mutwangio. Tu! Tu! Tu! Na mimi ninasimama miguu mitupu, ninacheza mbele ya kinu mpaka sombe inalainika, Riziki anacheka mpaka anakaa chini, na Muzee Ramazani anapiga kelele kutoka dukani kwake, "Baba Riziki, punguza, utaangusha duka langu!"

Aksanti Mungu. Aksanti wamama. Aksanti Feza, haukuenda kwa baba yako.

Sasa ninamaliza. Kuna mutu mumoja ninamuona toka nimeanza kusema. Sitamutaja jina, na ninyi musigeuke kumutazama. Amesimama pale mulangoni, nusu ndani, nusu nje. Ndugu yangu, ile fasi ya mulangoni ninaijua, nilisimama hapo miaka. Sijui shimo lako linaitwa nani. Sikuambii uje. Ninajua miguu inakataa. Mutumainie Mungu kwa kitu kimoja tu: usikimbie. Baki hapo hapo, vua viatu.

Mama Veronika, niazime filimbi yako. Wapiga ngoma, muko tayari? Ninapiga tatu, fupi fupi, na sisi wote tunakuja kukuchukua.