Vijiti Vilipoishia

RAVNA: Haloo? Nani mwenzangu?

ELLE: Ni mimi mama, Elle. Shikamoo.

RAVNA: Marahaba, mwanangu. Tangu Jumatano ile baba yako alipotoka asirudi, simu ikilia nashtuka. Mmeamkaje huko kwa baba mdogo?

ELLE: Salama. Yuko mlimani anachunga kulungu wake. Mimi nakuja, nimeukuta ufunguo wa pikipiki ya theluji mlangoni.

RAVNA: Wewe? Wewe wa treni za Oslo?

ELLE: Leseni ninayo, bima ipo, kofia ngumu nimevaa. Taa zinawaka—

RAVNA: Na misumari ya kushika barafu ujivute ukizama?

ELLE: Iko kwenye begi.

RAVNA: Shingoni, Elle. Ukiwa majini ndiyo utaanza kutafuta zipu?

ELLE: Haya, nimevaa.

RAVNA: Basi mngoje baba yako mdogo Mikkal ashuke akulete kwa gari. Ziwa halijafunguliwa kwa wapitao juu ya barafu.

ELLE: Limefunguliwa, mama. Vijiti vya kuonyesha njia salama vimechomekwa. Nimevifuata toka ufukweni, vimenyooka vizuri tu.

(Simu inakwaruza.)

RAVNA: Umevifuata? Uko wapi?

ELLE: Katikati. Ndiyo maana nakupigia. Vimeisha, sasa sijui nielekee—

RAVNA: Usiende mbele.

ELLE: Sikusikii, mama.

RAVNA: Usiende mbele. Hivyo vijiti ni vya baba yako.

ELLE: Ulisema alizama akitoka kuvua.

RAVNA: Nilisema hivyo usije ukajilaumu. Alitaka njia iwe tayari ukija Krismasi. Alichomeka mpaka hapo ulipo.

(Injini inanguruma.)

ELLE: Mama, theluji hapa ni ya kijivu. Kuna maji chini ya mkanda wa pikipiki.

RAVNA: Zima. Usiigeuze. Shuka polepole, lala kifudifudi, urudi ukitambaa kwa alama ulizokuja nazo.

ELLE: Na pikipiki ya watu—

RAVNA: Mikkal atagombana na mimi. Shuka.

ELLE: Nimeshuka. Nimelala. Barafu inalia, mama.

RAVNA: Tandaza miguu. Usiinuke hata kidogo.

ELLE: Naogopa.

RAVNA: Hata mimi. Nakata niwapigie watu wa uokoaji. Umenisikia? Elle?

ELLE: Nimesikia. Simu naiweka mfukoni. Nahitaji mikono yote miwili.